Kiti Kilichoipa Runinga Kisogo

Kila Ogweno alipokwenda kwa wakwe zake, kiti chake kilitolewa barazani na kuwekwa vilevile: mgongo wake ukigusa ukuta chini ya dirisha la sebule, mbele yake mashamba ya chai yakiteremka bondeni hadi kwenye migomba ya mtoni. Kilikuwa kiti cha mbao cha zamani, chenye mkono mmoja uliolegea, na juu yake kilitandikwa kitambaa cheupe cha kufumwa chenye maua ya zambarau, kitambaa ambacho hakikutolewa kwa mgeni mwingine yeyote isipokuwa mchungaji. Mpita njia asiyejua angedhani mkwe huyo amenuniwa na wenye nyumba naye akaamua kuwapa kisogo. Angekosea. Ndani ya dirisha hilohilo, kwenye kochi lililosogezwa hadi likagusa ukuta, aliketi mama mkwe wake, Gesare. Kati ya vichwa vyao palikuwa na upana wa tofali moja na pazia jepesi, nao walikuwa katikati ya mabishano.

"Mwambie baba Lavender," Gesare alisema, "filamu ya tano ni kelele tupu. Mizinga, moshi, watu wanakimbia huku na huku. Mtu akitaka kelele aende Ekerenyo siku ya soko."

Linda, binti yake, alisimama kizingitini na sahani ya mboga za chinsaga mkononi, akashusha pumzi. Hakuwahi kuitazama hata moja ya filamu hizo hadi mwisho. Usingizi humchukua kabla chombo cha angani hakijapaa. Lakini kwa kuwa alikuwa binti wa mmoja na mke wa mwingine, kazi ya kupeleka maneno ilimwangukia kama mzigo umwangukiavyo punda aliyesimama karibu.

"Mama anasema ya tano ina kelele," alimwambia mumewe.

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mimi nakuambia ya nini?"

"Kwa sababu hakuniambia mimi," Ogweno akajibu kwa upole, huku akichambua mwiba wa samaki. "Mwambie Mama, kwa heshima, kwamba nyuma ya kelele hizo kuna Mtungi, anayebaki peke yake kwenye barafu ili wenzake waondoke salama. Nauliza tu kama pale hakutoa chozi."

Linda akarudi ndani. "Anauliza kama ulilia mtungi ulipovunjika."

"Hakuvunjika. Alibaki," Gesare alisema, akiwa ameudhika kwelikweli. "Na Mtungi si chombo, Linda. Ni mtu."

"Ni roboti, Nyanya," Lavender akasema kutoka mkekani. Huyo alikuwa binti wa Linda na Ogweno, aliyekuwa akiishi na bibi yake ili asome shule ya jirani. Msichana mwenye miguu mirefu na maneno mafupi.

"Ni mtu."

Nje ya dirisha kikohozi kimoja kilisikika, cha kuunga mkono.

Filamu zenyewe ziliitwa Safari ya Orani, na zilikuwa zimefika sita. Zilisimulia habari za watu walioikimbia dunia iliyokauka, wakaingia katika chombo kimoja kukitafuta kituo kiitwacho Orani, ng'ambo ya nyota. Waliongozwa na Nahodha Ilvara, mwanamke wa maneno machache na koti lenye kiraka, na walisaidiwa na roboti mnene mwenye shingo nyembamba ambaye Gesare alimbatiza Mtungi siku ya kwanza, na jina likamganda. Kwenye pua ya chombo hicho palikuwa na taa. Taa ilikuwa nyeupe maadamu ndani mlikuwa na mtu hai. Moyo wa mwisho ukisimama, iligeuka buluu. Mtu akilijua hilo, ameijua Orani. Mengine yote ni vita na njaa na mapenzi, kama kwingineko.

Mapenzi ndiyo yaliyokiweka kiti cha Ogweno nje. Kati ya bibi na mjukuu hapana pazia. Wanaweza kutaniana mpaka watu waone haya kwa niaba yao. Lakini mkwe na mama mkwe wametenganishwa na heshima ile ambayo Wagusii huiita chinsoni. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni kwa muda, wala hawaketi pamoja mbele ya jambo linaloweza kuwaaibisha; na nani ajuaye ni saa ngapi watu wa filamu wataamua kukumbatiana? Ogweno alikuwa mtu wa Kendu Bay, mtoto wa ziwani, fundi wa mafriji mjini Kisii. Kwao adabu hiyo ilikuwa kali zaidi. Mama wa mke hapaswi kulala chini ya paa la mkwewe, liwe jua, iwe mvua. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kumfundisha mwenzake. Linda alipoolewa, Gesare hakupinga wala hakushangilia. Alimpokea kijana yule kwa chai na salamu za Kiswahili, kwa kuwa kijana Kigusii hakukijua, na Gesare Kijaluo hakukijua, na baada ya salamu wote wawili walibaki kuyasifu mawingu.

Hadi Ogweno alipomletea Lavender flashi yenye filamu ya kwanza, ile ya kutafsiriwa na msimulizi wa Kiswahili mwenye mbwembwe. Mtoto alitazama, na bibi, aliyekuwa akimenya ndizi, akatazama pia. Ziara iliyofuata, kabla chai haijamiminwa, Gesare alimwita Linda jikoni akamnong'oneza: "Hebu muulize mumeo, huyo nahodha kwa nini hakurudi kumchukua mamake?" Linda akauliza. Ogweno akaweka kikombe chini, akafikiri kama mtu aliyeulizwa kuhusu urithi, akatoa jibu refu. Tangu siku hiyo mawingu ya Nyamira hayakusifiwa tena na mtu.

Kila Jumapili aliyokuja, bishano lilianzia pale lilipoachwa. Gesare alisimama na ya tatu, ile ambayo chombo kinakwama katika vumbi na watu wanagawana maji ya mwisho; hapigwi mtu, harushiwi mtu risasi, lakini wewe unayetazama unajikuta unameza mate. Ogweno alikuwa wa ya tano. Nyanchera, jirani wa ng'ambo ya ua, mjane mwenye ulimi mwepesi aliyekuja na kikombe chake mwenyewe kwa madai kwamba vya Gesare ni vidogo, hakutaka kusikia habari ya nyingine ila ya kwanza. "Zilizobaki ni makapi," alipenda kusema. "Chai ni ile ya maji ya kwanza. Ukiongeza maji juu ya majani yaleyale, unakunywa rangi."

Hayo yote Gesare aliyafurahia kuliko alivyokiri. Lakini kulikuwa na jambo alilolificha, na kadiri alivyolificha ndivyo lilivyokua.

Lilianza kama ukungu, ule unaolala bondeni alfajiri. Tofauti ni kwamba ukungu wa bonde huondoka jua likipanda, na huu wa machoni ulibaki. Kwanza ulizila herufi za kitabu cha nyimbo. Hakujali, nyimbo alizijua kwa moyo. Kisha ukazila sura za watu wa mbali, akajifunza kungoja wazungumze ndipo awaite majina. Chai aliendelea kuichuma, kwa maana vidole vyake vilijua majani mawili na chipukizi kabla hajaolewa. Hata hivyo, siku moja karani wa kituo cha kununulia majani aliumwaga mfuko wake mezani, akachambua humo majani makavu na vijiti, akamwambia kwa heshima, "Mama, leo ulikuwa na haraka." Akakubali kwamba alikuwa na haraka. Mchele alimpa Lavender achague mawe, kwa kisingizio cha kumfunza mtoto kazi. Na kochi alilisogeza hadi ukutani chini ya dirisha, karibu na runinga, kwa sababu, alisema, upepo wa mlangoni unamuumiza mgongo.

Dawa yake aliijua. Kanisani alikuja mhudumu wa afya akaeleza kwamba ukungu wa namna hiyo huondolewa Kisii kwa muda mfupi. Mgonjwa hulala usiku mmoja mjini, asubuhi hufunguliwa kitambaa, kisha hukaa karibu siku kadhaa ili akaguliwe na kutiwa matone. Watu wengine walisikia neno kuondolewa. Gesare alisikia neno hulala. Mwanawe wa kiume alikuwa Mombasa. Mjini Kisii alikuwa na nyumba moja tu ya kulala, nayo ilikuwa ya Ogweno.

Angewezaje? Aoge katika bafu la mkwewe, akohoe usiku ng'ambo ya ukuta wake, na yule kijana, anayejua adabu namna ile, atembee kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi? Linda akijua atalia, atasema hayo ni mambo ya kale. Na machozi ya Linda hayabishiki. Basi Gesare alipima macho kwa upande mmoja na haya kwa upande wa pili, akauchagua ukungu. Aliomba jambo moja tu: filamu ya saba, iliyosemekana kuwa ya mwisho kabisa, imkute bado anaona.

Jumapili ile ya bishano la ya tano, ulimi ulimsaliti.

Ilianza na Lavender. "Nyinyi nyote hamjui filamu," alisema. "Ya sita ndiyo moto. Ule mwisho wake, aki, nilishindwa kupumua."

"Mwisho gani?" Gesare akauliza kwa dharau ya upendo. "Nahodha kafa, taa imekuwa buluu, watu wameachwa hewani bila hata sala. Hiyo nayo ni filamu? Ya sita ni ya kutupwa."

Gesare aliusikia mkeka ukikwaruza, Lavender akigeuka kumtazama. Aliisikia sauti ya Nyanchera ya kumeza chai ikikatika katikati. Akajua amejikwaa, ila hakujua kwenye jiwe gani.

"Nyanya," Lavender akaanza, "lakini ile taa si ili..."

"Lavender," sauti ya Ogweno ikasema kutoka nje, haraka kuliko desturi yake. "Niletee maji ya kunawa."

Mtoto akatoka. Linda, ambaye kwake taa zote zilikuwa taa, alitimiza wajibu wake dirishani: "Mama anasema nahodha amekufa, na taa ilikuwa buluu, na ya sita itupwe."

Maji yakamiminika kwenye beseni. Yakaacha kumiminika. Gesare, mikono mapajani, alikuwa akiirudia ya sita kichwani mwake. Aliikumbuka fidla. Mwishoni hapakuwa na maneno, hapakuwa na mlio wa chombo. Msimulizi mwenyewe, yule mwenye mbwembwe, alinyamaza. Ilikuwa fidla peke yake, yenye huzuni ya matanga, na kioo cha runinga kilikuwa cheusi tangu juu hadi chini. Je, kilikuwa cheusi? Yeye alikiona cheusi. Akasikia fidla, akaelewa kifo. Sasa moyo ulimwambia kwamba katika weusi ule palikuwa na kitu, kitu kidogo ambacho mtoto, na jirani, na mkwe walikiona, na kwamba hakuna mwenye macho ambaye angesema alivyosema yeye.

"Mwambie Mama," Ogweno akasema hatimaye, polepole, "kwamba ana haki. Mwisho ule hauna maneno. Kila mtu huusoma kwa namna yake."

Linda akamgeukia mamake, akishangaa. "Amekubali. Anasema una haki."

Hilo ndilo lililomtisha Gesare. Kwa miaka yote ya mabishano yao Ogweno hakuwahi kumpa hata kipande cha ushindi. Alimheshimu mno kumwachia ushindi wa bure. Leo amempa mzima mzima, umefunikwa vizuri kama sahani ya mgonjwa. Akajua kwamba amejua.

Wiki zile zilizofuata alingoja Linda apige simu akilia. Linda alipiga, akauliza habari za mvua na kuku. Ogweno hakusema. Gesare hakuweza kuamua kama amshukuru au amkasirikie, maana siri ikishachukuliwa na wawili huwa nzito zaidi, si nyepesi. Kila mmoja humwonea huruma mwenzake kwa kuibeba.

Kisha ikaja ya saba.

Ogweno alifika nayo Jumapili adhuhuri, nyuma ya bodaboda kutoka Ekerenyo, Linda akiwa nyuma ya nyingine na samaki ndani ya kikapu. Kiti kikatolewa, kitambaa kikatandikwa. Watu wakala. Chai ilipomiminwa, Linda aliingia na ujumbe ambao ulionekana kumchosha hata kabla hajaufikisha.

"Anasema filamu ni mpya, bado haijapata msimulizi wa Kiswahili. Na Kizungu cha hao watu kinapita puani. Anasema ameshaitazama mjini, tena si mara moja, friji za watu zikimngoja. Sasa anaomba ruhusa aitafsiri kutoka hukohuko alipo, kwa ajili ya..." Linda akasita, akijitahidi kukumbuka, "kwa ajili ya mama Nyanchera, asiyejua Kizungu."

"Mimi?" Nyanchera akasema. "Nimepika kwa Wazungu wa misheni miaka na..." Akamtazama Gesare. Gesare hakuiona sura ile, lakini alisikia pumzi ikivutwa na kushikiliwa. Kisha Nyanchera akapiga funda la chai. "Ni kweli," akasema. "Kizungu chao hunipita. Atafsiri. Mtu wa ziwani mwenyewe ana sauti ya kuita mitumbwi."

Gesare akainamisha kichwa. Kwa hiyo hata huyu amejua. Tangu lini?

"Mwambie anaruhusiwa," alisema.

Ikaanza. Ogweno, uso kwenye chai na migomba, kisogo kwenye runinga, alisikiliza muziki uliomjia kupitia pazia na kueleza kile ambacho hakukiona. Gesare alikuwa amewasikiliza wasimulizi wengi maishani, lakini hakuna aliyetafsiri hivi. Msimulizi wa kawaida hueleza kilichosemwa. Huyu alieleza kilichokuwapo.

"Nahodha amezeeka," alisema. "Nywele zimeota mvi hapa kwenye panja. Amevaa koti lile la ya tatu, mama Nyanchera, lile la kiraka, na kiraka sasa kina kiraka. Anatembea ukumbini peke yake. Kuta ni za kijivu. Anagusa kila mlango anapoupita, kama mtu anayehesabu watoto waliolala."

"Anafanya hivyo kweli," Lavender akanong'ona.

"Mtungi je?" Gesare akauliza hewani, bila kumuuliza mtu.

"Anauliza Mtungi je," Linda akasema.

"Mwambie subira. Mtungi hajasahauliwa."

Ukungu wa machoni haukuondoka, lakini nyuma yake picha zilianza kujipanga, na zilikuwa na rangi. Palipofika mahali pa muziki laini, sauti ya dirishani ikasitasita. Ikakohoa.

"Hapa... hapa nahodha amekutana na yule mhandisi. Wa ya pili. Wanaongea."

Lavender akauma upindo wa leso.

"Wanaongea kwa muda mrefu," Nyanchera akasema, akikazia macho runinga.

"Ni watu waliopoteana," Ogweno akajibu kwa taabu. "Wana mengi."

"Na wanaongea kwa karibu. Mimi sijui Kizungu, lakini nadhani hata Wazungu wenyewe hapa hawasikii neno."

Gesare alicheka mpaka kochi likatikisika. Nje, kiti chenye mkono uliolegea nacho kilikuwa kikilia.

Ndipo mvua ya alasiri, ambayo kwa upande ule haimwombi mtu ruhusa, ikateremka kutoka kilimani. Kwanza matone machache juu ya mabati, kama punje zinazomwagwa ungoni. Kisha ungo wote. Sauti ya Ogweno ikadidimia. Gesare alisogeza sikio dirishani akapata neno moja, akapoteza kumi. Kwenye runinga muziki ulikuwa umebadilika. Fidla ile ilikuwa imerudi, ya matanga, na mbele yake palikuwa peusi tena, peusi vilevile kama katika ya sita. Kitu kilikuwa kikitokea ndani ya weusi huo. Lavender alikuwa amepiga magoti. Nyanchera alikuwa amemwita Mungu kwa Kigusii, "Ee Nyasae," kwa sauti ya chini. Na yeye, aliyewafuata watu hawa tangu dunia yao ikauke, aliachwa nje ya mlango walipokuwa wakifika nyumbani.

"Baba Lavender, unalowa," Linda alikuwa akiita. "Ingia basi jikoni."

Jikoni. Kutoka jikoni hangesikika kabisa. Gesare alifikiri kwa muda mfupi kuliko alivyowahi kufikiri jambo lolote kubwa. Hakulikanyaga pazia la wazee wake; alilishika upindo, akalitazama, akaona kwamba ni kitambaa, na kitambaa huweza kukunjwa bila kuraruliwa.

"Lavender, simamisha hiyo filamu," alisema. "Linda, chukua kiti cha mumeo ukilete. Kiweke hapa ndani, kando ya mlango. Mgongo wake uelekee huku kwetu."

"Ndani, Mama?"

"Hukunisikia? Kisogo kielekee huku. Na kitambaa chake."

Kiti kikaingia. Ogweno akaingia nyuma yake, mabega yakichuruzika, macho sakafuni, akaketi uso ukielekea mlango uliokuwa wazi na mvua iliyokuwa ikipita. Hakugeuka hata ukucha. Lavender akabonyeza, na fidla ikaendelea. Wakakaa hivyo: mwenye macho ameipa runinga kisogo, na asiyeona ameielekea, na kati yao maneno yakipita, safari hii bila mchukuzi.

"Taa inazimwa," Ogweno akasema. "Usiogope... asiogope mama Nyanchera. Si kifo. Nahodha ameizima kwa mkono wake. Wamefika. Ng'ambo ya kioo kuna mwanga wa manjano unapanda, kama asubuhi ya huku mvua ikishakatika. Hawaihitaji taa tena. Na mlangoni kuna mtu mnene mwenye shingo nyembamba, amejaa kutu, ameinua mkono."

"Mtungi," Gesare akasema.

"Mtungi."

Majina ya waigizaji yalipopanda, hakuna aliyeinuka. Nyanchera ndiye aliyetangulia, akitangaza huku akijipangusa macho kwa kanga kwamba ni nzuri, hakatai, lakini haifiki ya kwanza. Lavender akambishia. Mvua ikapungua, ikabaki kudondoka kwenye majani ya migomba tone moja moja.

"Baba Lavender," Gesare akasema.

Linda, kwa mazoea, akanyanyuka ili apokee neno. Mamake akainua kiganja kumzuia.

"Ile ya sita," Gesare akaendelea. "Pale mwisho. Taa ilikuwa rangi gani?"

Linda aliiweka chupa ya chai mezani polepole sana, kama mtu anayeweka yai. Alimtazama mamake, akatazama kochi lilivyosogezwa, sinia la mchele wa kuchagua lililokuwa mkekani kando ya Lavender. Na yote aliyoyaona bila kuyaona yakampanda usoni kwa pamoja. Akafungua mdomo. Nyanchera akamshika mkono, akautuliza.

"Ilitetemeka, Mama," Ogweno akasema, akiielekea mvua. "Ikaingia ubuluu kidogo. Mtu akakata tamaa. Kisha ikawa nyeupe."

"Nyeupe."

"Nyeupe kama maua ya pareto."

"Basi hakufa."

"Hakufa."

Gesare alitikisa kichwa taratibu, akilirekebisha jambo ambalo kwa miezi yote hiyo alilichukua kama msiba. Alikuwa amemzika mtu hai.

Ogweno akakohoa. "Kwenye ua ule wa nyumba za kupanga tunakokaa kule Kisii," alisema, akichagua maneno kama achaguaye mawe ya kukanyaga mtoni, "mlango wa pili kutoka kwetu anakaa shangazi yangu, Akong'o. Ni mjane. Nyumba ni yake, ufunguo ni wake, mimi mwenyewe hubisha hodi nikiwa uani. Ana kitanda cha ziada. Ana runinga pia."

Gesare akatega sikio.

"Tatizo lake ni moja tu," Ogweno akaongeza. "Yeye hushikilia kwamba ya pili ndiyo bora kuliko zote."

"Ya pili?" Nyanchera akakiweka chini kikombe chake.

"Ile ya mijusi wanaoimba?" Gesare akauliza.

"Hiyohiyo."

"Mtu mzima kabisa anasema hivyo?"

"Ana wajukuu, Mama. Nimemweleza mpaka nimechoka. Pengine anahitaji mtu wa rika lake."

Gesare akapapasa kochi kando yake mpaka akaupata mkono wa Linda, akaushika. "Huyo Akong'o," aliuliza, "chai yake hunywa ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa. Sukari nyingi."

"Angalau hilo analijua," Gesare akasema. Akageukia mkekani. "Lavender, nirudishie ya sita. Mwisho tu."

Mtoto akachomoa flashi, akachomeka nyingine, akatafuta. Nje jua la baada ya mvua lilikuwa limeyaangukia majani ya chai, na mvuke ulianza kupanda kutoka ardhini. Fidla ikaanza. Kitini, Ogweno akajiweka sawa, kisogo kikiwa kimenyooka, akasikiliza kwanza mpaka akapata mahali.

"Giza," akaanza. "Giza tupu, Mama. Usiharakishe. Sasa, mbali kabisa, chini upande wa kushoto, kuna mwanga, mdogo kama punje moja ya wimbi."